Anwani Inayoaminika

Saa 2:15 asubuhi.

Chumba cha nyuma ya gereji kilinuka oili. Watu watatu, stuli mbili. Fundi wa seva alisimama.

"Rudia," alisema Kobe, mkuu wao, kaka wa mke wa Fundi.

"Barua pepe utakayotuma ya kutoa mzigo itajifanya imetoka makao makuu. Kichujio cha barua pepe kingeitupa kwenye taka, maana anwani ni feki. Mimi naiingiza anwani hiyo kwenye orodha ya wanaoaminika. Ikishaingia, haikaguliwi tena. Inamfikia mtunza ghala moja kwa moja."

"Akishtuka?" aliuliza Dereva wa lori, mtu wa tatu.

"Hashtuki. Akiona barua, anapakia. Miaka yote hapigi hata simu."

Fundi alimgeukia Kobe. "Baada ya hii tumemalizana?"

Kobe ndiye aliyemghushia cheti kilichompatia kazi. Kwa miaka minne alikuwa amemshika pabaya.

"Tumemalizana, shemeji. Dada yangu ana mimba yako. Nitakutosa vipi?"

Saa 4:40.

Kazini, kwenye chumba cha seva, Fundi aliingiza anwani. Lori likitoka tu, ataifuta, na hakuna atakayejua.

Saa 5:05.

Barua ilipita. Kupitia dirishani alimwona Dereva akirudisha lori nyuma hadi mlango wa ghala. Mabunda ya nyaya za shaba yakaanza kupakiwa. Mtunza ghala, masikini, alikuwa anapiga soga.

Saa 5:50.

Lori lilitoka getini. Fundi akashusha pumzi, akafungua orodha ili aifute anwani.

Mstari mpya ukatokea kwenye skrini. Anwani ileile, barua nyingine. Kwa mkurugenzi. Kwa mkuu wa ulinzi. Haikukaguliwa. Kichwa chake: Mwizi wenu yuko chumba cha seva.

Ilikuwa imeshafunguliwa.

Alimpigia Kobe. "Shemeji, umenifanya nini?"

"Wakikukimbilia wewe, hawalifuati lori. Tulia, usijiumize."

"Na dada yako?"

"Dada yangu ana kwao."

Simu ikakatwa. Viatu vya walinzi vilisikika kwenye ngazi. Fundi akakaa sakafuni na kumpigia mkewe.

"Mke wangu, nisikilize kabla hawajaingia…"

"Kaka kashanipigia," alisema mkewe. "Kaniambia kila kitu. Hata cheti."

"Utanisubiri?"

Kwenye simu, Fundi alisikia zipu ya begi ikifungwa.