Hendeli Iliyorudi Nyuma

Ndugu zangu, nyumba ya Hezekia pale Mandewa ilikuwa nyumba ya amani, wala sisemi hivi kwa kuwapamba. Asubuhi ya Jumamosi ungemkuta mkewe, Redempta, barazani na cherehani yake, akishona sare za wanafunzi na magauni ya kwaya. Hezekia angekuwa uani na Land Rover yake kuukuu, gari la misheni aliloliendesha miaka ishirini na miwili, akauziwa alipostaafu. Hawakuwa watu wa maneno mengi. Cherehani ililia, gari likanguruma, kuku wakachakura katikati yao.

Kila msimu wa mavuno gari hilo liliwapeleka Sepuka kuchukua alizeti ya shambani kwao. Mwaka ninaousimulia, likaanza kuchoka. Kwenye mchanga lilikosa nguvu, likipanda kilima linakohoa. Fundi mmoja wa mtaa wa pili, jina lake Calist, alilisikia likipita akampungia mkono Hezekia asimame.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Mzee, taimingi imechelewa. Cheche inafika wakati pistoni imeshaanza kushuka. Lilete Jumatatu tulitege kwa alama."

Hezekia akacheka. "Kijana, gari hili nimeanza kulitega wewe hujazaliwa."

Akaondoka zake. Basi hapo ndipo ugonjwa wa nyumba ile ulipojitokeza, na haukuwa ndani ya injini. Hezekia hakuwa mlevi. Hakuwa mchoyo, wala hakuwahi kumwinulia mkewe mkono. Alikuwa na jambo moja tu: haambiliki. Daktari alimwandikia miwani ya kuonea karibu, akaiweka kabatini mwaka mzima kwa sababu daktari huyo aliyemwambia macho yamechoka alikuwa binti wa umri wa mwanawe Jenifa.

Jioni ile alifunua boneti. Kwenye puli ya mbele ya injini kuna alama ndogo inayoonyesha cheche itoke wakati gani. Alama ilikuwa imefunikwa na oili iliyoganda na vumbi, na hata ingekuwa safi asingeiona. Akaamua kutumia sikio. Akalegeza bolti ya distributa, kile kifaa kinachogawa cheche, akawasha gari, akaizungusha distributa taratibu mpaka mngurumo ukapanda na kuwa mtamu. Akakaza.

"Umesikia?" akamwambia mkewe.

"Nimesikia," Redempta akajibu. Alikuwa na uzi mdomoni.

Gari likaenda vizuri siku mbili. Siku ya tatu, likiwa na magunia, injini ikaanza kugonga kama misumari ndani ya kopo. Hezekia akasema ni mafuta mabaya ya siku hizi. Kila akiwasha, starta ikawa inakita na kugoma, betri ikaishiwa kwa kulazimishwa. Akatoa hendeli, chuma cha kuchomeka mbele ya injini na kuizungusha kwa mkono. Alhamisi, alipoizungusha, ilimrudi kidogo ikampiga kiganja. Akakung'uta mkono, akatazama huku na huku, akairudisha hendeli garini. Alijua maana yake. Dereva yeyote wa zamani anajua: cheche ikiwahi mno, injini hupiga kinyume.

Nawauliza ninyi mnaonisoma: mtu anayejua hivyo, kesho yake atafanya nini?

Kesho yake alisimama kando ya boneti, mkono juu ya distributa, akaita, "Mama Jenifa! Njoo unizungushie hendeli."

Redempta akaja na tepu ya kupimia bado shingoni. "Baba Jenifa, mimi sijawahi. Halafu jana nimekuona unakung'uta mkono."

"Ulikuwa na mafuta."

"Si tumwite Calist?"

"Calist, Calist! Hapa dereva nani? Zungusha tu."

Zamani, pale misheni, madereva wakubwa walimfundisha Hezekia mambo mawili kabla hawajamruhusu kugusa hendeli. Ivute kwenda juu, usiikandamize chini. Na kidole gumba kikae upande mmoja na vidole vingine, ili ikirudi ikuponyoke. Maneno hayo yangesemwa kwa pumzi moja. Hakuyasema, kwa kuwa kumwambia mtu jinsi ya kujikinga ni kukiri kwamba kuna hatari, na hatari ingekuwa imetengenezwa na nani?

Redempta akakaza khanga kiunoni, akaikumbatia hendeli kwa kidole gumba, akaikandamiza kwa uzito wake wote. Mzunguko wa kwanza, kimya. Hezekia akaisogeza distributa kidogo. Mzunguko wa pili injini ikapiga kinyume, hendeli ikarudi.

Ulisikika mlio mfupi, kama bua kavu la mtama likivunjika. Redempta alikaa chini, akautazama mkono wake wa kulia ulivyoning'inia, kama anayetazama kitu cha mtu mwingine. Kisha akamwita mama yake kwa Kinyaturu. Mama yake alikwishafariki siku nyingi.

Hezekia, dereva, alikuwa na gari uani na hakuwa na cha kumpelekea mkewe hospitali. Jirani ndiye aliyekimbilia bajaji. Mifupa miwili ilikuwa imevunjika juu kidogo ya kifundo cha mkono. Vitambaa vya sare vilivyokwisha kukatwa, Hezekia alivibeba mwenyewe akavipeleka kwa fundi cherehani mwingine, mkoba kwa mkoba.

Calist alikuja kutoa pole. "Mama, uliishikaje?" akauliza. Redempta akamwonyesha kwa mkono wa kushoto, akiushika mpini wa jagi. Calist akamgeukia mwenye nyumba.

"Mzee, hukumwambia habari ya kidole gumba?"

"Nilijua," Hezekia akasema. "Na siku moja kabla ilinipiga mimi. Sikusema."

Redempta alimtazama. Aliambiwa ni mafuta tu; hilo hakuwa akilijua. Akainuka, akaingia ndani, akafunga mlango.

Kwa majuma mengi alizungumza naye yale ya lazima tu.

Hezekia alitoa miwani kabatini, akaenda gereji kwa miguu. "Njoo unitegee gari, mwanangu. Na mimi nitazame." Calist alisafisha puli, akapaka chokaa kwenye alama, akaichezesha injini pole pole mpaka alama hiyo ikakutana na ile iliyo kwenye injini yenyewe, akaunga taa ndogo yenye nyaya mbili. Akazungusha distributa mpaka taa ikawaka, ishara kwamba cheche inatoka hapo hapo, akakaza. Kazi yote haikuchukua muda wa kupika ugali na mboga.

Mkono wa Redempta ulipona, lakini vidole havifumbi sawasawa. Mkasi mzito haumudu tena. Sasa yeye hupima na kuchora kwa chaki, Hezekia hukata. Juzi nilipita pale.

"Umepinda," Redempta alimwambia.

"Wapi?"

"Hapo. Geuza, anza upya."

Hezekia akageuza kitambaa, akaanza upya.

Fundisho

Asiyeambilika huwa haumii peke yake; mara nyingi huumia yule anayemtii. Ukiwa mjuzi, anza kwa kumweleza hatari mtu unayemwomba msaada, hata kama kwa kueleza utaonekana umekosea. Ukiona dalili, iseme siku hiyo hiyo. Nanyi mlio katika nyumba zetu, mke, mume au mtoto: ukiambiwa "fanya tu" na moyo unasita, uliza kwanza, na usipojibiwa usishike.