Kukoroga Mara ya Pili

Kila alfajiri Chapuchapu aliamshwa na mlio wa kijiko ndani ya kikombe. Alikuwa mama yake jikoni, akinywa chai ya rangi huku amesimama, mkoba begani na viatu tayari miguuni. Chai hiyo ndiyo ilikuwa kifungua kinywa chake chote. Basi la kiwanda halikumsubiri mtu, na kuanza kupika saa hizo kulikuwa kujitafutia kuachwa.

Mama alikuwa mshonaji katika kiwanda cha nguo. Alishona mifuko ya suruali kutwa nzima, na hata akirudi nyumbani vidole vyake viliendelea kucheza vyenyewe, kana kwamba bado vinasukuma kitambaa. Baba, dereva wa lori, alikuwa safarini zaidi kuliko alivyokuwa nyumbani. Basi mama na binti walichoka pamoja, mmoja kwa mifuko, mwingine kwa masomo ya darasa la sita, vyombo na kupiga pasi. Jina la Chapuchapu alipewa na mama mwenyewe, kwa sababu kila kazi aliianza mbio mbio. Kuimaliza, hiyo ilikuwa habari nyingine.

Siku moja mama alishikwa na kizunguzungu mbele ya cherehani. Sindano ilipita karibu kabisa na ukucha wake. Msimamizi akamwita pembeni.

"Dada, mimi sina ugomvi na wewe," alimwambia. "Lakini ukiyumba tena, nitakutoa kwenye mashine. Sitaki mtu aumie mbele yangu."

Kutolewa kwenye mashine kulikuwa na maana ya kufagia nyuzi, au kuambiwa usirudi kabisa.

Mama mdogo, ambaye alikuwa mpishi wa hospitali, alipopata habari hizo hakulala. Jumamosi alifika akiwa na kopo la mbegu za chia na mfuko wa machungwa.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, Chapuchapu. Twende jikoni. Mama yako hana muda wa kula asubuhi, kwa hiyo tutamwandalia jioni. Tena bila moto."

"Bila moto? Kitaiva vipi?"

"Kitajiivisha chenyewe ndani ya friji, na wewe umelala zako."

Mbegu zenyewe zilikuwa ndogo kuliko ufuta. Mama mdogo alilikwaruza ganda la chungwa taratibu, akachukua ile rangi ya juu tu na kuacha sehemu nyeupe, maana hiyo ingetia uchungu. Akakamua chungwa, akaondoa kokwa, akachanganya maji yake na mtindi, maziwa kidogo na asali. Kisha akamimina mbegu polepole huku akikoroga.

"Sasa nisikilize, hapa ndipo watu wanapoharibu," alisema. "Ukikoroga mara moja ukaenda zako, mbegu zinashikana. Chini panakuwa donge, juu maji matupu. Subiri zianze kuvimba, halafu rudi, kwangua mpaka chini ya bakuli, koroga tena."

"Hiyo mara ya pili ni lazima?"

"Haya, umeshaanza uchapuchapu wako! Ni lazima."

Asubuhi yake mchanganyiko ule ulikuwa umegeuka pudini laini ya kuliwa kwa kijiko, nzito, baridi, inanukia chungwa. Mama alikula kijiko cha kwanza kwa wasiwasi na cha pili kwa furaha. "Hii inashuka yenyewe!" alisema, akacheka.

Tangu hapo Chapuchapu aliandaa pudini kila jioni peke yake. Mama aliila asubuhi, au aliibeba kwenye kibakuli chenye mfuniko na kuila kazini. Uso wake, uliokuwa umesawajika, ukaanza kurudi. Chapuchapu alijisikia mtu mzima.

Kisha ikaja siku ambayo wanafunzi walihamisha madawati yote ili madarasa yapakwe rangi. Chapuchapu alirudi nyumbani hoi bin taabani. Alijikaza kisabuni, akaosha vyombo, akakamua machungwa, akachanganya na kukoroga. Akamimina pudini kwenye kibakuli cha mama, akakiweka ndani ya friji, akaketi kitandani kusubiri mbegu zivimbe. Akaona aegemeze kichwa kidogo tu.

Aliamshwa na mlango. Mama ameingia, miguu imevimba, kilemba bado kichwani. Siku hiyo kiwanda kiliwabakiza kumalizia mzigo. Hata kabla ya kukaa, mama alikwenda kwenye friji na kushika mlango wake.

"Mwanangu, umekoroga mara ya pili? Kama bado, nikoroge mimi kabla sijakaa. Nikikaa sitainuka."

Chapuchapu aliitazama ile miguu. Aliona aibu kusema kwamba alikuwa amelala wakati mama yake bado anashona.

"Nimekoroga, mama."

"Ahsante, mwanangu." Mama akauachia mlango wa friji, akajitupa kwenye kiti.

Chapuchapu alipanga kunyata baadaye akakoroge. Lakini mama alibaki hapo hapo jikoni akikanda miguu yake, na usingizi ukamchukua binti kabla ya mama kuondoka.

Kesho yake, aliporudi kutoka shuleni, alivikuta viatu vya mama mlangoni. Mama hakuwahi kuwa nyumbani saa kama hizo. Alikuwa amelala chali kwenye kitanda cha chumba kilichopakana na jiko, mlango wazi, kitambaa chenye maji kikiwa juu ya paji la uso.

"Mama, unaumwa?"

"Nimeyumba tena," mama alisema kwa sauti ya chini. "Nilikifungua kibakuli kazini, nikakuta juu maji, chini donge gumu lenye mbegu kavu ndani. Halikuliki. Nikashona hivyo hivyo na njaa, mpaka nikaona mashine ziko mbili. Msimamizi amenirudisha nyumbani. Amesema nijaribu kesho, mara ya mwisho." Akageuza shingo. "Nadhani mbegu zimeharibika. Mama mdogo wako anakuja kuzitazama."

Hapo ndipo Chapuchapu angeweza kusema. "Labda ni za zamani," alijibu badala yake.

Mama mdogo alikuja moja kwa moja kutoka kazini, mikono bado inanuka kitunguu. Hakuketi. Alilifungua kopo, akanusa, akachota mbegu chache kiganjani, akatikisa kichwa.

"Mimi sioni kosa, ila huenda macho yangu yamechoka," alisema. "Dada, unisamehe. Nilitaka kukusaidia, kumbe nimekuharibia kazi. Naona nizitupe tu."

Akalinyanyua kopo juu ya ndoo ya taka. Chapuchapu aliona uso wake umemshuka kwa huzuni, mtu aliyesimama kwenye masufuria ya hospitali tangu asubuhi, sasa anaomba msamaha kwa kosa lisilo lake. Hakuweza kuvumilia zaidi.

"Usizitupe!" alisema, machozi yakimtoka. "Mbegu ni nzima. Mimi sikukoroga mara ya pili. Nililala. Mama aliponiuliza, nikasema nimekoroga."

Mama mdogo akaliweka kopo mezani na kumtazama dada yake. Mama alijiinua kitandani polepole, akaja akakaa mbele ya binti yake. Hakupandisha sauti. Labda hakuwa na nguvu ya kupandisha.

"Kwa nini hukuniambia kwamba umelala?"

"Ulikuwa umechoka kuliko mimi, mama. Niliona aibu."

"Sikia, mwanangu. Kuchoka si kosa. Mimi nachoka, mama mdogo wako anachoka, na wewe mtoto lazima utachoka. Jana nilikuwa nimeshika mlango wa friji. Ungesema 'bado', ningekoroga, nikalala. Uliposema 'tayari', niliondoka asubuhi nikitegemea chakula ambacho hakikuwepo. Kazi ambayo haijaisha mtu anaweza kukumalizia. Lakini ukisema imeisha, nani ataigusa?"

Chapuchapu aliomba msamaha, kwanza kwa mama, kisha kwa mama mdogo. Jioni hiyo walikamua machungwa wote watatu, na mara ya pili alikoroga yeye, akakwangua mpaka chini ya bakuli.

Kesho yake mama alikula akashiba. Alishona mpaka kengele ya jioni. Msimamizi alipita nyuma ya kiti chake mara kadhaa, akatazama mikono yake, akaenda zake bila neno. Mama akabaki kwenye mashine.

Wiki iliyofuata mama alirudi tena akiwa amechelewa, akamkuta Chapuchapu amesinzia juu ya daftari.

"Umekoroga mara ya pili?"

Chapuchapu alifikicha macho. Aibu ilimjia tena, ile ile, lakini safari hii hakuisikiliza.

"Bado, mama. Nimechoka."

"Haya, kalale," mama alisema. Akachukua kijiko, akafungua friji, akakoroga.