Mstari wa Nne

Septemba inapofika, soko la Futoška lote hunukia pilipili hoho za kuchomwa. Jumamosi moja ya namna hiyo Nevena alikuwa akijipenyeza kati ya watu na gunia la kilo kumi begani, koti lake jekundu limeshapata doa, mara waya mrefu mweusi ukadondoka kutoka juu na kumzunguka shingo.

"Samahani, dada," sauti ikasema kutoka kwenye ngazi. "Usiondoke nao. Ni intaneti ya soko zima hiyo."

Akainua uso. Aliona buti zenye matope, kizibao cha rangi ya chungwa, na juu ya hivyo vyote kijana mrefu anayejitahidi asicheke.

"Ungeniua," Nevena akasema.

"Kwa waya? Aa wapi. Mwenye silaha ni wewe na hilo gunia. Nikishuka nikubebee, utanitajia jina?"

"Shuka kwanza, tutaona."

Akashuka, akalibeba gunia kwa miguu mpaka mtaa wa Liman, kwenye duka la Nevena la kunakili karatasi, karibu na chuo cha sheria. Soko likakaa saa nzima bila intaneti. Jina lake Ognjen, mtu wa Zrenjanin, fundi wa mitandao, amepanga chumba nyuma ya stendi. Na asikwambie mtu, siku hiyohiyo Nevena alipoosha zile pilipili alikuwa akiimba.

Tangu hapo mashine za duka zikaanza kuugua. Jumatatu printa haionekani, Alhamisi kompyuta nzito.

"Bosi, leo kuna nini?" Ognjen angeuliza kwenye simu.

"Sijui. Inatoa mlio."

"Mlio gani?"

"Wa huzuni."

"Basi nakuja, ikilia zaidi uishike mkono."

Shangazi Radmila, aliyemwachia Nevena duka hilo, alikuwa akipita kunywa kahawa na kuona yote. "Mashine hizi nimekaa nazo miaka sita hazijapiga chafya," akasema. "Amekuja huyu, zote mahututi."

Oktoba walikuwa wapenzi, mji mzima unajua. Jioni walitembea kando ya Danubi wakila njugu za kuchoma kutoka mfuko mmoja, naye Ognjen akamwita roho yangu. Nevena alijitia kukasirika, "Roho yako iko Zrenjanin kwa mama yako," halafu usiku kucha akalirudia neno hilo kichwani.

Ugomvi ukaletwa na slava.

Kila nyumba ya pale ina slava yake, siku ya mtakatifu wa ukoo. Kwa kina Nevena ni tarehe kumi na sita Novemba, na sheria ya nyumba yao ni moja: haalikwi mtu. Anayetupenda anaijua siku, anakuja. Kwa hiyo Nevena alisema tu, kana kwamba anataja hali ya hewa, "Jumapili kwetu ni slava." Ognjen akaitikia, "Hongereni." Siku ikafika. Nevena akavaa gauni la buluu lenye vifungo vya lulu, akaandaa bakuli la ngano tamu na vijiko vyake, akaacha kiti kitupu karibu na chake. Wakaja wajomba, majirani, hadi dereva wa teksi aliyemleta bibi. Kiti kikabaki kitupu, na shangazi Radmila hakuuliza kitu, jambo lililoumiza zaidi kuliko kama angeuliza.

Nevena akajiambia: ameogopa kuonyeshwa kwa ndugu. Alikuwa akijipitishia wakati tu. Akanuna, hakupiga simu. Naye Ognjen hakupiga. Siku kumi zikapita, ndipo shangazi akaleta habari pamoja na kahawa: kijana amepata kazi Ljubljana, nje ya nchi, anaondoka Jumatatu.

"Aende salama," Nevena akasema, akaingia chumba cha karatasi kulia.

Ijumaa mashine ya kunakili ikagoma kweli. Kurasa zote ilizopiga picha zilipaswa kwenda kwenye kompyuta, lakini kompyuta kila ikiwashwa ilipewa anwani nyingine na ile ruta, kile kidude cha taa za kijani, na mashine ikabaki kutuma kurasa kwa mtu aliyekwisha hama. Dawa aliijua. Ognjen alikuwa amemwandikia kwenye karatasi zamani: ipe kompyuta anwani ya kudumu, jaza hivi. Mistari mitatu ya tarakimu kwa mwandiko wake mbaya. Nevena akajaza mmoja mmoja, huku akisema kwa sauti, "Unaona? Sikuhitaji." Akabonyeza kukubali.

Mashine ikatuma kurasa vizuri. Intaneti ikafa.

Akazima, akawasha. Akachomoa waya, akachomeka. Hola. Na hapo hapo mlango ukafunguka, akaingia mzee Sreten na kofia mkononi. Mwenzake wa kucheza karata amefariki asubuhi, anataka matangazo ya msiba ishirini ya kubandika milangoni na kwenye miti ya mtaa kabla giza halijaingia. Maneno na picha vilikuwa kwenye barua pepe ya duka, na nywila ya barua pepe hiyo ilijulikana na kompyuta peke yake.

"Nitangoja," mzee akasema, akakaa. "Marehemu hana haraka. Mimi ndiye ninayo, miguu inaganda."

Nevena aliitazama simu. Kiburi kilimwambia asipige, lakini macho ya mzee yalikuwa mekundu. Akapiga.

"Bosi," Ognjen akasema taratibu. Nyuma yake kipaza sauti kilikuwa kinatangaza mabasi.

"Intaneti imekata. Niliweka anwani ya kudumu. Nina mteja wa msiba hapa. Uko wapi?"

"Stendi. Nimo kwenye foleni ya tiketi ya Jumatatu."

Kisha Nevena akasikia hatua, mlango wa basi ukijifunga, na sauti ya Ognjen ikihema.

"Niko kwenye basi namba nne, nakuja. Tuanze. Ile mashine inafanya kazi na kompyuta?"

"Inafanya."

"Fungua lile dirisha jeusi nililokufundisha. Iite ruta kwa anwani yake. Inajibu?"

"Inajibu."

"Sasa iite ile anwani ya mbali, nane nne zenye nukta katikati."

"Inajibu pia."

"Mwambie azime awashe!" mwanamke mmoja akasema ndani ya basi.

"Ameshazima, mama."

"Azime tena. Yangu hukubali mara ya tatu."

Nevena alitaka kucheka, akajizuia. Mzee Sreten alikuwa amevuta kiti karibu.

"Sasa fungua ukurasa wowote kwa jina," Ognjen akasema.

"Haufunguki."

"Basi njia ipo, mpaka nje ya nchi. Kisichokuwepo ni mtu wa kuuliza majina. Kompyuta inaweza kufika kila mahali, ila ukiitajia jina haijui anaishi wapi, na haina wa kumwuliza. Mstari wa nne uliandika nini?"

"Mstari wa nne upi?"

"Wa anwani ya huyo mtu wa majina. Ukijaza kwa mkono lazima umjaze na yeye."

"Ognjen, karatasi yako hii hapa mbele yangu. Ina mistari mitatu."

Basi likanguruma.

"Niliuacha," akasema hatimaye. "Huo niliona unaujua. Kila mtu anaujua."

"Kila mtu nani? Mimi ningejuaje?" Na hapo sauti yake ikamgeuka, kwa sababu alisikia maneno yake mwenyewe. Alikiona kile kiti kitupu cha siku ya slava. "Ognjen. Mbona hukuja kwenye slava?"

"Hukuniita."

"Slava haina mwaliko!"

"Kwenu. Kwetu mtu huitwa mara ya kwanza, mara moja tu, kisha anakuja maisha yake yote bila kuitwa. Asiyeitwa haingii. Nilinyoosha shati, nikakaa kitandani na simu mkononi mpaka saa mbili usiku. Nikasema, basi, anaona haya kumleta fundi wa waya mbele ya ndugu zake."

"Nilikuwekea kiti," Nevena akasema, machozi yakamtoka wazi, mbele ya mteja. "Nilidhani unajua."

"Msamehe, mwanangu," yule mwanamke wa kwenye basi akasema, na haikujulikana anamwambia nani.

Ognjen akamtajia tarakimu za mstari wa nne. Nevena akaziandika, akakubali, na barua pepe zikamiminika. Picha ya marehemu ikafunguka, mtu mnene anayecheka, na mzee Sreten akaivua kofia aliyokwisha kuivaa.

Dakika tano baadaye Ognjen alisimama mlangoni, kizibao cha chungwa kikichungulia chini ya koti, masikio mekundu kwa baridi.

"Tiketi iko wapi?" Nevena akauliza.

"Foleni niliiacha. Sina tiketi, na Ljubljana nitawapigia kesho niwaambie wasiningoje." Akavua glovu. "Sasa nisikilize, nisiache kitu. Slava yetu ni tarehe kumi na tisa Desemba. Nakualika. Mama ataweka ngano, utakaa karibu nami."

"Nitakuja."

"Lakini ni mwaka huu tu. Mwaka kesho sikualiki."

Nevena akakunja uso. "Kwa nini?"

"Mwenyeji haalikwi kwake."

Alielewa. Lakini akatingisha kichwa na kuchukua ile karatasi ya mistari mitatu, akamwekea mbele pamoja na kalamu.

"Sitaki kudhani tena," akasema. "Andika mstari wa nne."

Ognjen akainama, akaandika kwa mwandiko wake mbaya, pole pole, akamgeuzia: *Nevena, nataka nikuoe.*

Akausoma mara mbili. "Ndiyo," akasema kwa sauti, asije mtu akabaki hana uhakika, akamkumbatia na baridi yake yote.

Mzee Sreten alingoja kadiri alivyoweza, kisha akakohoa, na Nevena akajifuta macho, akamchapia matangazo yake ishirini.