Namba ya Shemeji

"Funga duka, Sindano. Narudia, funga duka."

Sauti kwenye redio ya Motorola ilikuwa ya Shangazi. Jina lisikudanganye. Mama huyo hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale kazini. Alikuwa mkuu wa operesheni, na waliowahi kumkaidi sasa walikuwa wakihesabu pini za stepla kwenye bohari la idara ya upelelezi.

Funga duka ilikuwa na maana moja. Kazi imeiva, ng'oa ulichopanda, toweka.

Sindano hakutoweka.

Alikuwa nyuma ya Toyota HiAce nyeupe iliyochorwa feni ubavuni na maneno MAFUNDI WA VIYOYOZI, imeegeshwa kwenye uchochoro wa nyuma ya ghala. Jua la alasiri lilikuwa limelichemsha bati la gari. ThinkPad ilikuwa mapajani. Kupitia vipokea sauti alikuwa akiisikiliza ofisi ya Mkurugenzi, upande wa pili wa ukuta, ambako ekstensheni ya umeme aliyoichomeka kwa mkono wake ilikuwa na kinasa sauti tumboni.

Alisikia kofi.

Kisha akasikia sauti aliyoifahamu ikisema, bila hasira, "Shemeji, mimi hata kuliwasha hilo dude la kompyuta nasaidiwa."

Sindano akafumba macho.

Mwenye sauti ile alikuwa mtunza stoo. Ghala zima lilimwita Shemeji, kwa kuwa dada yake ndiye aliyeolewa na Mkurugenzi, na jina likamganda hadi wapakizi wakalisahau alilopewa na wazazi wake. Mtu wa maneno mengi, kitambi kidogo, na chupa ya chai isiyombanduka. Alijua ghala linasambaza dawa za hospitali. Zaidi ya hapo alikuwa gizani. Hakujua kwamba kwenye chumba cha nyuma shemeji yake anabandua lebo za dawa za usingizi zilizokwisha muda na kubandika mpya, ili wagonjwa walazwe kwenye meza ya upasuaji na kudungwa uchafu.

Sindano alitumwa kuikomesha biashara hiyo. Aliingia kama fundi wa kompyuta.

Na aliyemdhamini alikuwa Shemeji. "Huyu binti namjua, ni kama mdogo wangu," alimwambia Mkurugenzi, ingawa walikuwa wamefahamiana wiki hiyohiyo kwenye foleni ya benki. Foleni yenyewe ilipangwa na idara.

Kazi aliyopewa ilikuwa halali kabisa. Kompyuta za ghala, zote za Linux, zilikuwa zikibebeana mafaili kwa flashi kama majirani wanaoazimana chumvi. Sindano alifunga seva moja kwenye kabati chini ya ngazi, akaweka NFS, njia ya kompyuta moja kuwaazima wenzake folda yake kupitia waya, na kila mmoja akaiona kana kwamba iko kwenye mashine yake. Akafungua faili la exports, akaandika folda zipi ziazimwe na mashine gani ziruhusiwe. Akapita meza kwa meza akiipachika kwa amri ya mount. Shemeji alimfuata nyuma na chai, akimshikia nyaya, akimtania kwamba anatembea kama mtoza ushuru. Alipoambiwa kwamba na yeye amepewa namba yake ya mtumiaji, alicheka hadi akakaa chini. Mtu kama yeye kuwa na namba kwenye kompyuta.

Kwa jinsi Sindano alivyoifunga, mitambo ile ilikuwa na kasoro moja, na aliiacha makusudi.

Seva haikuuliza nywila. Haikumjua mtu kwa sura. Iliamini namba ya mtumiaji iliyoletwa na mashine iliyobisha hodi. Ukija na namba ya Mkurugenzi, wewe ni Mkurugenzi. Ukija na namba ya Shemeji, wewe ni Shemeji.

Folda ya madereva, yenye maelekezo ya malori yaende wapi, iliweza kuandikwa na watu wawili tu: Mkurugenzi, na Shemeji aliyepanga mizigo. Asubuhi ile, ndani ya HiAce, Sindano alitengeneza kwenye ThinkPad mtumiaji mwenye namba ya Shemeji. Raspberry Pi, kikompyuta cha ukubwa wa kiganja alichokificha nyuma ya printa, ikampa njia ya kuingia. Akafungua maelekezo, akaifuta njia panda ambako mnunuzi wa kigeni angeyapokea malori ya dawa hizo, akaandika yadi moja iliyoachwa nje ya mji. Nyuma ya makontena ya yadi hiyo walikuwa wamejibanza polisi.

Angeweza kutumia namba nyingine. Seva nzima ilikuwa yake. Lakini mpango wa Shangazi ulisema waziwazi: apatikane mtu wa ndani wa kushukiwa, ili fundi asishukiwe.

Sindano aliusoma mpango ule. Akasema sawa.

Neno hilo ndilo lililomrudia sasa.

"Mgeni amenipigia," Mkurugenzi alikuwa akihema. "Malori yamepita njia panda bila kusimama. Nimefungua folda. Faili limebadilishwa leo asubuhi. Aliyebadilisha ni nani? Soma mwenyewe."

"Jina langu."

"Jina lako. Dada yako yuko kwangu, wapwa zako nawasomesha mimi, na wewe unanichuuza."

"Asubuhi nilikuwa napakia, shemeji. Muulize Kobe."

"Sikumwona muda wote, bosi," ilijibu sauti nzito. Kobe alikuwa mlinzi wa Mkurugenzi. Aliitwa hivyo kwa shingo yake, kwa sababu kwa mbio hakuwa kobe hata kidogo.

"Kobe, chukua pikipiki uyawahi malori. Madereva hawana simu, nilizikataza mwenyewe. Ila kwanza mpitishe huyu machimboni."

"Na dada yake akiuliza?"

"Nitamwambia kaka yake aliniuza akatoroka. Ushahidi si huo kwenye kompyuta?"

Redio ikakwaruza. "Sindano, mbona gari halitembei?"

"Wanakwenda kumuua mtunza stoo."

Shangazi akaanza kumhesabia. "Malori bado yako njiani. Polisi wote wako yadini. Na Mkurugenzi akijua ni sisi, atafuta mafaili ya lebo bandia kwenye seva. Nakala zako hazitoshi, mahakama inataka seva yenyewe. Tutabaki na madereva wasiojua lolote."

"Tumetumia namba yake, Shangazi."

"Najua tulichotumia."

"Aliniletea kiti chenye mto. Alisema kile changu kitaniumiza mgongo."

"Sindano. Funga duka."

Sindano akapunguza sauti ya Motorola hadi ikabaki mnong'ono.

Vidole vikaanza kazi. Akaingia kwenye seva, akafungua exports. Uzuri wa faili lile ni kwamba kila mashine inaweza kupewa ruhusa yake. Mashine ya Mkurugenzi: kusoma tu. ThinkPad: kusoma na kuandika. Akahifadhi, akaandika exportfs -ra, amri ya kuyatekeleza mabadiliko, akabonyeza Enter.

Kuanzia hapo Mkurugenzi hakuweza kufuta hata nukta.

Akachukua Nokia ya vibonyezo na kupiga simu ya mezani ya ofisi.

"Haloo."

"Mkurugenzi, mikono ya shemeji yako iko wapi?"

"Nani mwenzangu?"

"Iko wapi?"

"Imefungwa. Wewe nani?"

"Imefungwa kwa zile nailoni za kufungia nyaya. Nilizisahau kwenye droo yako. Sasa fungua folda ya madereva, uitazame."

Akaandika amri. Faili jipya, tupu, kwa namba ya Shemeji. Jina la faili: SI_SHEMEJI.

Enter.

"Natazama," alisema Mkurugenzi. "Hakuna kitu."

Mashine ya Mkurugenzi haikurudi kuiuliza seva kila mara. Ilikuwa ikionyesha folda kama ilivyoikumbuka, na ingechukua muda wake kabla ya kuuliza tena. Sindano alilijua hilo. Alishawafundisha wengine. Na amelisahau siku hii, kwa mtu huyu.

"Endelea kutazama."

"Unanipotezea muda. Kobe, mtoe."

"Usiache kutazama, Mkurugenzi."

Kiti kiliburutwa. Sauti ya Shemeji ikasikika. "Shemeji, basi mwambie dada dawa za mama ziko juu ya friji. Za jioni asimpe kabla hajala."

Sindano aliuma kidole hadi akaonja damu. Hakuna aliyemfundisha kusikiliza kitu kama hicho.

"Bosi," alisema Kobe. "Limekuja."

Sindano akatengeneza la pili. La tatu. La nne. Safari hii yalifuatana bila kuchelewa sana.

"Mwenye hayo mafaili ni nani?" aliuliza.

Mkurugenzi akasogelea skrini. "Imeandikwa yeye."

"Na yeye yuko wapi?"

"Yuko hapa." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Wewe ni nani?"

"Fundi wako. Niko uchochoroni, gari jeupe lenye feni. Mtume Kobe, mimi nina haraka."

Akakata simu. Kwenye redio, kwa mbali, Shangazi alitamka neno ambalo mama wa umri wake hapaswi kulijua.

Sindano hakuwa na bastola. Mpango ulisema fundi habebi silaha. Alikuwa na roli la waya wa mtandao. Akaruka chini, akafunga ncha moja kwenye bomba la maji ya mvua, akaivusha ng'ambo ya uchochoro ikilala vumbini, akaifunga ncha ya pili kwenye ndoano ya kuvutia gari. Akarudi kwenye usukani.

Geti la nyuma likafunguka kwa kishindo. Yamaha ikatoka ikinguruma, Kobe juu yake, Beretta mkononi. Kioo cha nyuma cha HiAce kikapasuka. Sindano akainama, akangoja.

Akangoja tena.

Akakanyaga mafuta.

Waya ukakazika usawa wa kifua. Yamaha iliendelea na safari yake peke yake hadi ukutani. Kobe alibaki nyuma, chali, akitafuta pumzi na bastola bila kupata hata kimoja. Sindano akamfunga mikono kwa nailoni, akaokota Beretta, akapita geti.

Ofisini, Mkurugenzi alikuwa ameinamia kompyuta akigonga kitufe kilekile kwa kidole kilichonyooka.

"Inakataa," alisema, kana kwamba amemwita fundi kuja kumsaidia.

"Itakataa. Mashine yako inasoma tu." Alimwonyesha Beretta, kisha kiti. "Kaa."

Mkurugenzi akakaa.

Motorola kiunoni ikanong'ona. Sindano akaongeza sauti. "Malori yote yamo yadini," alisema Shangazi, mkavu. "Dereva hakuna aliyebisha. Polisi wanakuja kwako."

Hospitali zisizojua lolote ziliokoka alasiri ile. Sindano alisubiri kusikia furaha ndani yake. Haikuja.

Polisi walipomtoa Mkurugenzi akiwa na pingu, Sindano alikata nailoni kwenye mikono ya Shemeji. Ziliacha alama nyekundu. Shemeji alizisugua taratibu.

"Dada fundi. Kumbe hata ile foleni ya benki?"

"Tuliipanga."

"Na mkachagua namba yangu. Kwa nini yangu?"

Alikuwa na uongo wa kumpa, tena mzuri. Idara huutengeneza mapema. "Ili wasinishuku mimi," alisema. "Nilijua watakushuku wewe. Nilijua, nikakubali."

Shemeji akakaa kwenye katoni. Chupa yake ya chai ilikuwa imeanguka, chai imesambaa chini ya meza. Hakuiokota.

"Dada yangu atamwona mumewe ndani ya gari la polisi," alisema. "Ataambiwa kompyuta imesema nini. Imesema kaka yako ndiye. Nitamjibu nini mimi? Kulikuwa na fundi mmoja, jina lake la uongo?"

Mtu wa kazi ya Sindano hulizika jina lake siku anapoapishwa. Halitaji kwa rafiki wala kwa mume. Kulitaja ni kuvunja kiapo, na kila mtu idarani alijua anayekivunja hapewi tena kazi ya nje.

Sindano aliinama, akamtajia.

Lake, la baba yake, la babu yake.

Shemeji alisikiliza midomo ikicheza, akilirudia moyoni asije akalisahau. "Ndilo lenyewe?"

"Ndilo."

"Haya. Nitampa dada."

Hakusema asante. Wala Sindano hakuwa ameingoja. Alilaza Beretta mezani, akachukua mkoba wake wa spana, akapita katikati ya polisi kama fundi anayewahi nyumba nyingine.

Getini redio ikaamka.

"Sindano." Shangazi aliongea polepole. "Ile ekstensheni bado inanasa."

"Najua. Niliichomeka mimi."

"Nimekusikia ulichomwambia. Unajua maana yake?"

"Najua. Kwenye hilo bohari kuna kiti chenye mto?"

Sindano akaizima Motorola, akaiacha juu ya usukani wa HiAce pamoja na funguo, akajifuta vumbi mabegani na kushika njia kwa miguu. Nyuma yake, kupitia dirisha la ofisi, alimsikia Shemeji akiongea na simu. Alikuwa akilitaja jina lile kwa utaratibu, yote matatu, na mtu wa upande wa pili alikuwa akimtaka alirudie.