Visikizi Chini ya Hijabu

Sogeeni karibu, watu wa Galbet, na nyinyi wa Ijara na Buna na kwingine kote kwenye simu na masikio. Nyumba ninayoisema si ya mbali. Huenda unaipita kila ukienda sokoni, ile yenye mlango wa bati la kijani na cherehani barazani. Wenyewe wamekubali isimuliwe, ili mwingine asiumie kama walivyoumia wao.

Ilikuwa nyumba tulivu kweli. Idil, mke wa Guleid, alikuwa fundi wa nguo, na sare za madrasa za nusu ya mtaa zilipitia mikononi mwake. Guleid alikuwa na kazi Dadaab na alirudi nyumbani mwisho wa wiki. Kando ya cherehani, kwenye mkeka, aliketi Ardo, mama yake Guleid, mwanamke wa Buna ambaye ukame ulimmalizia ngamia wake wote, mwanawe akamleta mjini apumzike. Alasiri chai ya maziwa ilichemka, Ardo akisimulia, Idil akishona na kumwitikia.

Na Ardo alijua kusimulia, jamani. Ngamia wake walikuwa wamekufa lakini mdomoni mwake walikuwa hai, kuanzia yule mwekundu aliyekataa kukamuliwa na mtu mwingine yeyote hadi yule jike mzee aliyeijua njia ya kisimani kuliko wachungaji wenyewe. Kwa akina Ardo, anayesimuliwa hakai kimya. Msimulizi akivuta pumzi, wewe unasema "haye", yaani naam, nakusikia, endelea. Ukinyamaza ni kama umemwambia afunge mdomo. Idil aliitikia vizuri sana, mpaka Ardo akawa anawaambia majirani kwamba Mungu amempa binti uzeeni.

Basi Idi moja Guleid akamletea mkewe zawadi: visikizi vidogo vya masikioni, visivyo na waya, ndani ya kikasha cheupe. Nia yake ilikuwa njema. Cherehani ile ilikuwa kuukuu na kelele zake zilimchosha Idil, na Guleid alifikiri mkewe angesikiliza mawaidha huku akifanya kazi. Idil alifurahi. Alivitia masikioni, akavifunika kwa hijabu yake na kuikaza kama kawaida, na hakuna aliyejua kuna kitu mle ndani.

Mwanzo yalikuwa mawaidha kweli, nisimsingizie. Baadaye zikaja jumbe za sauti za kundi la akina mama, na mnajua wenyewe mama akishika kinasa sauti habanduki. Halafu ikaja tamthilia ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kisomali, ya mke mmoja mwenye matatizo yasiyokwisha, na Idil akayabeba matatizo yale kama ya dada yake wa damu. Cherehani ikipiga kelele, aliongeza sauti. Ikizidi, naye akazidisha. Kutwa nzima hijabu ilivibana vidude vile ndani ya masikio yake, toka chai ya asubuhi mpaka adhana ya magharibi.

Na Ardo je? Ardo alikuwa palepale kwenye mkeka, anasimulia. Idil alimwona kwa pembe ya jicho. Midomo ya mama mkwe ikitulia, yeye alisema "haye", kisha akarudi kwa Waturuki wake. Aliizoea kazi hiyo haraka, na aibu aliyokuwa nayo siku za kwanza ikaisha.

Haukupita muda kichwa kikaanza. Kilianzia nyuma ya masikio, kikapanda kwenye paji la uso na kushuka mpaka kwenye taya, hata kutafuna nyama kukawa kazi. Masikio yalimwasha kwa ndani. Akivua hijabu jioni, yalimlia kama mbu aliyenasa ndani ya chandarua. Akaanza kukosea mishono, akawa mkali kwa wateja, na Guleid akirudi alimkuta amelala na kitambaa kimefungwa kichwani.

Ardo alihangaika kuliko wote. Alisema ni jicho la watu, maana fundi anayesifiwa hivyo hawezi kukosa mwenye husuda. Alifukiza ubani nyumba nzima mpaka wote wakakohoa, akatafuta maji yaliyosomewa, akamkanda kichwa kwa samli. Idil aliyapokea yote hayo kwa adabu, na kila alipokandwa alihakikisha kwanza visikizi vimerudi kwenye kikasha.

Guleid akampeleka hospitali. Wakampima malaria, hana. Wakampima presha, iko sawa. Wakamwuliza anafanya kazi gani, akasema ushonaji, basi wakamwandikia miwani. Kuhusu masikio yake hakusema neno. Visikizi vilikuwa ndani ya mkoba wake, na tangu asubuhi hakuwa amevivaa kwa sababu aliona haya kuonekana navyo mbele ya daktari. Na ajabu, mle kwenye foleni kichwa kilitulia chenyewe. Mwanamke mwenye akili angejiuliza kwa nini. Idil naye alirudi nyumbani, akavaa miwani juu na visikizi chini, na kichwa kikarudi mbio kumpokea.

Lakini Ardo alijiuliza. Yeye alikuwa ameishi na wanyama wasiosema panapowauma, na alijua kwamba mgonjwa humtazami jeraha tu, unatazama anaumia akiwa wapi na nani. Akaona mkwewe akienda hospitali hapati maumivu. Akienda harusini hapati. Akiketi kwenye cherehani, pembeni yake yeye Ardo, kichwa kinapasuka. Mama wa watu akafikia jibu lake, na lilikuwa jibu la kusikitisha. Idil hakujua lolote kati ya haya, maana yalikuwa yanapikwa kwenye moyo wa mtu aliyekaa karibu naye kabisa.

Asubuhi moja Ardo alikuja mkekani akiwa amevaa viatu. Hebu sikilizeni nyinyi alichosema, kwa kuwa Idil hakukisikia.

"Binti yangu," alisema, "nimeona kichwa chako kinauma nikiwa karibu. Naona ni maneno yangu. Mtu asiye na mifugo hubaki na maneno tu, nami nimekumwagia yote wewe. Mungu anisamehe." Akatulia kidogo.

"Haye," Idil akasema.

"Dada yangu bado yuko Buna. Ana nafasi. Unaonaje, nirudi kwake, wewe upone?"

Akatulia tena, akimtazama usoni. Hapo yule mke wa Kituruki alikuwa ndiyo kwanza amegundua siri ya mumewe, na Idil hakuinua macho kutoka kwenye mshono.

"Haye, Hooyo," akasema, yaani naam, mama, kwa sauti laini kabisa, vile mkwe anavyopaswa kujibu.

Ardo aliinuka. Alichukua furushi lake na kibuyu chake cha maziwa alichokuja nacho kutoka Buna, akatoka polepole na kurudishia ule mlango wa bati asimsumbue anayeumwa.

Visikizi viliishiwa chaji karibu na adhuhuri. Idil alivitoa akiwa amekunja uso kwa maumivu, akamwita Ardo wanywe chai. Hakuitikiwa. Akaita tena. Akasimama na kuangalia chumbani, akakuta mkeka wa kulalia umekunjwa na msumari uliokuwa ukining'iniziwa kibuyu hauna kitu.

Hapo akaingia Bishara, jirani yao, amekuja kuchukua sare za wanawe. Alisema amemkuta Ardo kwenye steji ya mabasi ya Wajir, amekaa juu ya furushi, na alipomwuliza kulikoni, alijibu kwamba anarudi kwao na hana kinyongo na mtu.

"Alisema umempa ruhusa, walaal, dada yangu," Bishara akamwambia. "Alisema alikuuliza asubuhi, ukamjibu kwa heshima."

Idil alikaa chini. Alijaribu kukumbuka asubuhi ile, na alichokikumbuka ni yule mke wa Kituruki akilia. Mambo ya mke yule aliyakumbuka yote, neno kwa neno. Ya mama yake mkwe hakukumbuka hata moja. Wallahi, aibu iliyompata pale hakuwahi kuipata tangu azaliwe. Alikiokota kikasha cheupe, akamwachia Bishara nyumba, akatoka kutafuta tuktuk.

Kwenye steji basi lilikuwa bado, vijana wanafunga mizigo juu. Ardo alikuwa kivulini, kibuyu mapajani. Alipomwona mkwewe anakuja mbio kwenye jua lile, alichomwuliza kwanza ni kama kichwa kimepoa.

Idil alipiga magoti mchangani mbele ya abiria wote. Alifungua kikasha, akaviweka vile vidude viwili kwenye kiganja cha mama mkwe, akamweleza kila kitu. Alisema vilikuwa vinakaa wapi, tangu lini, na kwamba haye zote zile zilikuwa za uongo. Ardo alivigeuzageuza vile vidude, akavinusa, akavisogeza karibu na macho.

"Siku moja nilikuambia ngamia wangu amezaa mbuzi," akasema hatimaye. "Ukaniambia haye. Nikadhani unanidharau."

"Sikusikia, Hooyo."

"Na leo?"

"Leo pia sikusikia." Idil alikuwa analia sasa, na hakujificha. "Niulize tena. Lile swali la asubuhi, niulize tena."

Ardo alikataa. Alisema swali likishajibiwa limejibiwa, na mtu mzima haombi nafasi mara mbili. Kondakta akaita abiria wa Wajir. Idil akakishika kibuyu kwa mikono yote miwili na kusema hakiachi, na kama ni kwenda Buna basi wataenda wote watatu, yeye, mama na kibuyu. Mwanamke mmoja wa pale steji akacheka. Ardo naye mdomo ukamtetemeka, akijaribu kuuzuia.

"Unaonaje," akauliza kwa sauti ndogo, "nirudi kwa dada yangu?"

"Maya," Idil akasema. Kwa Kisomali hiyo ni la, hapana, sitaki. "Maya, Hooyo. Maya."

Basi liliondoka bila wao.

Kesho yake walikwenda hospitali pamoja, na safari hii ni Ardo aliyemkabidhi daktari kikasha, kabla hata ya salamu kwisha. Daktari alimulika masikio ya Idil, akakuta ngozi ya ndani imevimba na kuchubuka kwa kubanwa. Akaeleza kwamba vidude vile, vikikandamizwa na kitambaa kutwa nzima, huumiza sikio na maumivu yake hupanda kichwani, na sauti kubwa namna ile ingeweza hata kumharibia usikivu moja kwa moja. Akampa dawa ya matone, akamwambia avipumzishe kabisa mpaka apone, na baada ya hapo asivivae kwa muda mrefu wala kwa sauti ya juu. Akamwonya pia kwamba mgonjwa anayemficha daktari anajitibu gizani.

Kichwa kilipoa siku kwa siku, na mlio wa masikioni ukapungua mpaka ukaisha. Guleid alitafuta fundi wa kutengeneza ile cherehani, akaitia mafuta na mkanda mpya, ikawa inasema kwa adabu. Miwani haikuhitajika tena. Ukipita pale barazani leo utawasikia, Ardo na ngamia wake, na Idil akisema haye. Ila Ardo ana malalamiko mapya. Anasema siku hizi mkwewe anamkatiza kila mara, anataka kujua yule mwekundu alikuwa mkubwa kiasi gani, na kwa nini alimkataa mkamuaji, na hadithi haifiki mwisho.

Funzo la nyumba ya Idil

Ndugu zangu, visikizi si haramu na si adui. Sikiliza mawaidha yako na jumbe zako, lakini kwa sauti ya chini na kwa muda mfupi, kisha viondoe masikio yapumue. Na wewe dada unayevibana chini ya hijabu, ujue hijabu haina kosa, kosa ni kukifunga kitu kigumu sikioni kutwa nzima. Kichwa kikikuuma, kabla hujamshuku jirani kwa husuda, kague kwanza unachokivaa. Ukifika kwa daktari mwambie ukweli wote, hata unaoona haya kuusema. Kisha mtazame aliyeketi karibu nawe nyumbani. Huenda leo anakuuliza kama bado unamhitaji, naye atalichukua jibu lako kama lilivyo. Vitoe visikizi, umjibu ukiwa umemsikia.