Mtungi wa Malsun na Pua ya Giseop

Siku hiyo mjinga alikuwa Giseop, na leo anakubali bila kulazimishwa. Alionja mchuzi wa soya iliyochacha mtungini, akalisukuma bakuli kando.

"Mama Taeho, mtungi wako umekufa! Mchuzi hauna hata harufu."

"Umekufa?" mkewe Malsun akawaka. "Soya ya miaka mitatu! Majirani wanainusa toka barabarani."

Eunjeong, muuguzi wa kijiji, alikuwa amekuja kuwapima presha. Giseop akamfanya hakimu. Muuguzi akafunua mtungi, akarudi nyuma hatua mbili.

"Mzee, hii inatoa machozi! Mtungi ni mzima. Pua yako ndiyo yenye neno."

Kisha akautazama mkono wa Giseop. Ulikuwa umetulia gotini, lakini kidole gumba kilicheza chenyewe.

"Mtetemo huu umeanza lini?"

"Uzee tu."

"Na vifungo vya shati?"

"Namfungia mimi," Malsun akasema polepole. "Tangu tuvune matufaha."

Hospitali kuu ya mkoa ikathibitisha: ugonjwa wa Parkinson. Chembe za ubongo zinazoongoza mwendo hufa kidogo kidogo. Pua inaweza kutangulia kupoteza harufu, hata miaka mingi kabla, ingawa mafua nayo huiziba.

"Nimekosa nini mimi?" Giseop akauliza.

"Hujakosa, mzee," Eunjeong akamjibu. "Watafiti hawajajua chanzo chote. Umri umo, ukoo umo. Ila wameona kwamba wakulima waliotumia baadhi ya dawa za magugu na wadudu kwa miaka mingi huupata zaidi. Wewe ulikuwa unachanganyaje?"

"Kwa mkono. Mpaka kwenye kiwiko."

"Na mwanao?"

Giseop akainama. Taeho ndiye anayepulizia shamba sasa. Kazi alifundishwa na baba yake.

Msimu uliofuata, magugu chini ya mitufaha yalifyekwa kwa mashine. Dawa kidogo iliyobaki ya wadudu, Taeho aliipulizia akiwa na glavu, barakoa na nguo ndefu, akaoga kabla ya kugusa chakula. Giseop anameza vidonge vyake kwa saa na kupanda kilima kila asubuhi. Mkono bado unatetemeka, lakini shati anafunga mwenyewe. Mdomo tu ndio haukupata tiba.

"We Taeho, unakwenda mwezini? Vua hiyo barakoa! Dawa yenyewe haina hata harufu."

Malsun akaufunika mtungi wake.

"Na mchuzi wangu je, Baba Taeho, ulikuwa na harufu?"