Kobe Asiyepokea Simu

Aliisikia sauti yake mwenyewe kabla hajajua inatokea wapi. "Polepole, wanangu," ilisema, nzito na tamu, changa kuliko ya sasa kwa miaka kumi. "Mzigo unaowaficha wenzako ndio utakaokuvunja mgongo."

Msanii wa sauti akasimama katikati ya msongamano wa mtaa wa maduka. Mbele ya duka la runinga watoto walikuwa wamegandamana kiooni, na ndani, kwenye runinga kubwa kuliko zote, kobe wa katuni aliwaongoza wanyama kuvuka jangwa. Filamu ile ya zamani! Watoto wangapi wamekua nayo, wazazi wangapi wameitumia kuwakanya wana wao. Lakini uso wa aliyempa kobe sauti, hakuna aliyeujua.

Nyuma ya watoto alisimama mwanamke mwenye gauni la njano lenye mifuko ya buluu, utepe wa kupimia shingoni, chaki vidoleni. Fundi cherehani, hilo halikuhitaji kuulizwa. Alimshika mkono mtoto wa kaka yake, na aliyekuwa akilia ni yeye, si mtoto.

"Shangazi, ni katuni tu."

"Niache. Huyo kobe ndiye mwanamume pekee ambaye hajawahi kunidanganya."

Msanii alishindwa kujizuia. "Basi futa machozi, mwanangu," alisema kwa sauti ileile ya kobe. "Jangwa bado refu."

Watoto wote wakageuka. Fundi akamtazama kuanzia viatu vilivyochoka hadi kofia.

"We! Hebu rudia."

"Nipe namba yako kwanza."

"Kobe gani huyu mwenye haraka?"

Akampa.

Tangu hapo simu iliita kila jioni fundi alipofunika cherehani yake. Kwanza kobe alimsalimia mtoto, kisha mtoto alifukuzwa, na fundi akasema, "Haya, kobe akalale. Sasa niletee wangu." Hakuna mwingine aliyewahi kuitaka sauti yake ya kawaida, ile isiyo na gamba. Msanii alicheka peke yake njiani kama mwendawazimu.

Mwezi wa tatu wa simu hizo, koo la msanii likaanza kukwaruza. Akanywa maji moto, akatafuna tangawizi, akanyamaza siku mbili. Wapi! Daktari alimpitisha kamera nyembamba kooni, akaitoa, kisha akavua glavu taratibu mno. Kulikuwa na uvimbe kwenye nyuzi za sauti. Ungekatwa. Sauti ingeweza kurudi, ingeweza isirudi.

"Nifanye nini, daktari?"

"Usiongee sana. Usubiri."

Mtu anayeishi kwa koo lake amwambie nini mwanamke aliyelipenda koo hilo? Akaandika ujumbe: *Niko safari ya kikazi, mtandao mbaya.* Kisha kila jioni aliketi kitandani akiitazama simu ikitetemeka juu ya meza kama mdudu aliyelala chali, mpaka ichoke. Hakuipokea. Kuizima nako hakuweza.

Siku moja kabla ya upasuaji, asubuhi, mlango ulisukumwa bila hodi.

"Safari njema?" Fundi alikuwa na gauni lilelile la njano, pini zimechomekwa kolani. "Nimekwenda studio kwenu. Nilitaka kumwona huyo mwanamke mwenzangu, na mkasi nilibeba. Bosi wako ananiambia, 'Mwanamke gani, dada? Kobe wetu anapasuliwa koo kesho.' Studio nzima inajua! Mimi nani, jirani?"

"Nilitaka..." Sauti ilitoka kama bawaba yenye kutu.

Ndiyo kwanza fundi aisikie. Hasira ikamwisha, akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Wiki mbili nalowesha mto, kumbe uko mitaa mitatu tu, umejikunja ndani ya gamba. Watoto wa watu unawafundisha wasifiche mizigo, na wewe je?"

"Maneno aliandika mwingine," alikwaruza. "Mimi niliyasoma tu."

Fundi akacheka bila kutaka, na kicheko kikageuka kilio kabla hakijafika mwisho. Msanii akamtazama, mikono mapajani.

Basi fundi akavua utepe wake, akamzungushia shingoni, akaukaza kidogo, akalegeza.

"Inchi kumi na tano na nusu," alisema. "Nakushonea shati lenye kola laini, isikwaruze kidonda. Ndilo ninaloliweza, mpenzi. Mengine siyawezi. Siyawezi kabisa."

"Mtoto anauliza nini?"

"Kwa nini kobe hapokei simu."

Nje mtu alikuwa akipiga misumari, akaacha.

"Nimebakiwa na maneno machache," msanii alisema. "Unayataka kwa sauti ya nani?"

"Unaniuliza hilo?"

Utepe ulikuwa bado shingoni. Msanii akaushika mkono uliouzungusha, akameza mate kwa uchungu.

"Ukipiga, nitapokea," alimwambia, kwa mkwaruzo wake mwenyewe. "Hata nikibaki na pumzi tu, nitapokea, nitakupumulia, na utajua ni mimi."